Viatu vya Northampton kwa baba wa Njombe: je, vinadumu kweli?

SWALI: "Fundi, shikamoo. Niko Northampton, Uingereza, mwaka wa tatu sasa, kazi yangu ni kuhudumia wazee. Desemba nakwenda nyumbani Njombe kumwona baba. Baba ana viazi na miti, na matope ya kwetu unayajua: kila mwaka anamaliza jozi ya viatu, mwaka mwingine mbili. Hapa mjini kuna viwanda vya viatu vya ngozi vya kuvaa shambani, vizito, vina vitobo vya urembo juu. Jozi moja inapita paundi 500. Mzee mmoja ninayemhudumia anavyo tangu kabla sijazaliwa na bado anavivaa. Ni ubora kweli au tunauziwa jina? Na nikimpelekea baba, vitamfaa?"

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo mawili kwa pamoja, na majibu yake hayafanani. Vinadumu, hilo usiwe na shaka nalo. Lakini kama vitamfaa baba yako, hapo itabidi uvumilie nieleze, maana kiatu kilichoishi miaka 20 huko Northampton nimekiona kikifa kwa miezi minane hapa kwetu.

Nikwambie kwanza nimevijulia wapi. Sijawahi kufika Uingereza. Mimi nashona viatu Ilala, jirani na soko la Karume, na viatu vya huko ndivyo vilivyonifuata. Vinakuja kwenye mabelo ya mtumba. Soli imetoboka, kisigino kimelika upande mmoja, mwenyewe kaona vimekwisha, kavitoa. Ukichungulia ndani unakuta maandishi ya dhahabu yaliyofifia: Northampton, au Kettering, au Rushden, England. Nimevifumua vingi mpaka mfupa, na kiatu kilichofumuliwa hakina siri.

Chukua kiatu cha kawaida cha dukani, hata cha ngozi nzuri. Ngozi ya juu imekunjwa chini, soli imebandikwa kwa gundi, basi. Siku soli inatoboka, kiatu kimekwisha hata kama juu bado kinang'aa. Hicho cha Northampton aliyekijenga aliwaza tangu mwanzo juu ya siku hiyo ya soli kwisha. Soli ya ndani, ile mguu unayokanyaga, ni ngozi nene. Upande wake wa chini, kuzunguka ukingo, kuna kiukuta kidogo cha turubai. Ngozi ya juu na bitana yake huvutwa juu ya kalibu yenye umbo la mguu, kisha pamoja na ukanda mwembamba wa ngozi unaoitwa welti hushonwa kwenye kiukuta hicho. Huo ndio mshono wa kwanza, na ukishavaa huuoni. Welti inachomoza nje kama baraza ya nyumba. Soli ya chini hushonwa kwenye baraza hiyo, nyumba yenyewe haiguswi. Huo ndio mshono wa pili, ule unaouona ukizunguka ukingo wa kiatu. Mishono hii miwili haikutani popote. Soli ikiisha, fundi anakata mshono wa nje, anaitoa, anashona nyingine, na ngozi ya juu wala haina habari.

Kati ya soli ya ndani na ya nje hubaki pengo. Pengo hilo hujazwa kizibo kilichosagwa, kizibo kile kile cha chupa za mvinyo, na chini ya upinde wa wayo hulazwa kipande cha chuma au cha mti ili kiatu kisipinde kiuno. Ukivaa wiki kadhaa, uzito wako unakandamiza kizibo na ngozi ya ndani mpaka vinashika chapa ya mguu wako. Ndiyo maana huyo mzee wako haachani na viatu vyake. Mle ndani kuna nyayo zake za miaka yote hiyo.

Mashine ya kushona mshono wa kwanza ilikamilishwa karibu mwaka 1870 na Mmarekani, Charles Goodyear mdogo, na mpaka leo ujenzi huu unaitwa kwa jina lake. Baba yake ndiye aliyegundua kupika mpira kwa salfa ili usiyeyuke kwa joto wala kupasuka kwa baridi. Jina hilo unalifahamu kwenye matairi, lakini kampuni ya matairi ilianzishwa 1898 na watu wengine kabisa, wakalichukua jina la mzee kwa heshima tu. Hapo hapo nikuonye kuhusu neno "kwa mkono" linaloandikwa kwenye maboksi. Mkono upo, tena wa watu wanaoijua kazi: anayekata ngozi anaisoma kwanza, sehemu ya mgongo iliyoshikamana anaipeleka mbele ya kiatu panapojikunja, sehemu ya tumbo iliyolegea anaipeleka kwenye ulimi. Kiatu kinapita kwenye hatua zaidi ya 200 na kinakaa kiwandani wiki kadhaa. Lakini mishono mikubwa inapigwa na mashine inayoongozwa na mtu. Kiatu kilichoshonwa chote kwa mkono kipo, na bei yake utakimbia. Kwa shamba huna haja nacho.

Kwa nini mji wako? Ulikuwa na ng'ombe wa kutoa ngozi, misitu ya mwaloni wa kutoa magome ya kuisindika, na mto Nene wa kutoa maji. Mwaka 1642 mafundi 13 wa mji huo waliungana kuchukua oda ya jeshi: jozi 4,000 za viatu na 600 za buti. Tangu hapo vita za Waingereza zimekuwa soko kwa Northampton. Kampuni kongwe zilizobaki zilianza karne ya 19: Tricker's mwaka 1829, Church's 1873, Crockett & Jones 1879, na Loake ya Kettering 1880. Tena kama unapenda mpira, ulizia jina la utani la timu ya mji, Northampton Town. Wanaitwa Mafundi Viatu. Nimekuwa shabiki wao bila kuona mechi hata moja.

Kuhusu magome nina jambo la kukufurahisha wewe mtu wa Njombe. Huko Colyton, mkoa wa Devon, kipo kiwanda cha familia ya Baker, wanacho tangu 1862, ambacho bado kinasindika ngozi za soli kwa magome ya mwaloni. Ngozi inalala kwenye mashimo ya maji ya magome mwaka mzima na zaidi. Sasa ile miwati ya kwenu, ambayo magome yake yanabanduliwa na kupelekwa kiwandani, inafanya kazi hiyo hiyo: dawa inayokamuliwa humo inauzwa kwa wasindikaji wa ngozi duniani. Kwa hiyo usishangae baba yako akikanyaga soli iliyotengenezwa kwa dawa ya miti iliyokua kilima cha jirani yake. Ngozi ya juu kwa kawaida ni habari nyingine, hiyo husindikwa kwa chumvi za kromu, ndiyo maana inastahimili maji na kupinda.

Sasa hivi vya kuvaa shambani vina tofauti gani na vya ofisini vya mji huo huo? Ngozi yake ni nene zaidi, mara nyingi yenye chembechembe ambazo haziogopi mikwaruzo. Welti yake huzunguka kiatu chote mpaka nyuma, na pengine ina mgongo uliosimama unaoziba ufa kati ya ngozi ya juu na soli, maji yasipate mlango. Soli huwa mbili, moja juu ya nyingine. Ulimi umeshonewa pembeni mpaka juu. Ipo pia aina ambayo ngozi ya juu haikunjwi ndani, inatandazwa nje juu ya welti na kushonwa hapo kama paa lenye mchirizi. Waingereza wanaiita veldtschoen, jina walilolitoa kwa Makaburu wa Afrika Kusini. Ukiikuta, ndiyo inayozuia maji kuliko zote. Vile vitobo ulivyoviona vinaitwa brogi, na masimulizi yanasema watu wa Ireland na Scotland walivitoboa ili maji ya mabwawani yatoke. Vya siku hizi ni pambo tu, chini yake kuna bitana.

Kwenye soli ndipo wengi wanapokosea. Usimnunulie baba soli ya ngozi, hata muuzaji akuapie. Soli ya ngozi ni ya lami na zulia; kwenye udongo mwekundu uliolowa inateleza kama sabuni na inanyonya maji. Bakia kwenye mpira. Ipo soli yenye vifungo bapa vya mviringo, Dainite, inayotengenezwa Market Harborough, hapo hapo karibu yako. Ni safi, haibebi tope ndani ya nyumba, inavumilia sana. Kwa mitaa ya mji na njia ya changarawe ningeichagua hiyo. Ila mteremko wa Njombe wakati wa masika unataka meno, na meno yapo kwenye soli inayoitwa ya komando. Asili yake ni Italia: mwaka 1935 wapanda milima sita walikufa kwenye milima ya Alpi, na Vitale Bramani aliyekuwa na msafara ule akarudi akitafuta soli inayoshika. Mwaka 1937 akatoa soli ya mpira yenye mabonde, ndiyo Vibram ya leo. Kero yake moja: inabeba shamba zima mpaka sebuleni. Mama atalalamika.

Kabla hujatoa paundi hata moja, niulizie jambo hili. Baba anafuga? Kama anaingia zizini, viatu hivi visiingie naye. Mkojo wa ng'ombe na samadi mbichi vinakula ngozi, vinakula na uzi, na hakuna dawa ya viatu inayozuia. Mkulima wa huko Uingereza mwenyewe akienda kwa ng'ombe anavaa mabuti ya mpira. Hivi vya ngozi asili yake ni vya mwenye shamba: mtu anayetembea mipakani, anakagua miti, anapitia sokoni, anakwenda mnadani, na Jumapili anavipiga brashi kwenda kanisani. Kwa mpangilio huo vitamfaa sana baba yako. Mwongezee na mabuti ya mpira ya bei ndogo kwa kazi ya maji na zizi.

Sasa fundi, ambaye kwangu mimi ndiye kiini cha swali lako. Viwanda vya hapo mjini vinapokea viatu vyao vikirudi. Wanavifumua, wanavirudisha kwenye kalibu yake ya mwanzo, wanaweka soli, kizibo na kisigino kipya, na ukivipokea unadhani umenunua. Huduma hiyo inagharimu zaidi ya paundi 100, na kutoka Njombe kuna posta ya kwenda na kurudi. Haiwezekani. Kwa hiyo atakayevitunza ni fundi wa Njombe mjini au Makambako, anayekaa chini ya mwavuli na sindano yake yenye kulabu. Usimdharau. Mshono wa nje wa viatu hivi ni ule ule anaoupiga kila siku, soli kwenye ukingo, uzi uliopakwa nta. Anachohitaji ni kuambiwa asiguse welti.

Nalisema hili kwa aibu. Nilipokuwa bado kijana kazini, niliachiwa jozi ya buti za aina hiyo. Nikazifanya kama nilivyozoea: nikakata welti yote nipate mahali bapa, nikapaka gundi, nikabandika soli ya mpira wa tairi, nikapigilia misumari. Zilipendeza. Miezi michache baadaye mwenyewe akarudi, soli imeachia mdomo, na mahali pa kushonea hapapo tena. Nilikuwa nimebomoa baraza. Nilimrudishia pesa yake. Kiatu sikuweza kukirudisha.

Basi mwambie baba amwambie fundi wake: kata uzi wa nje tu, ng'oa soli ya zamani polepole, jaza kizibo kama kimeondoka, kisha shona soli mpya ukipita kwenye matundu yale yale ya welti. Gundi ni ya kushikilia wakati wa kushona, isifanywe ndiyo ujenzi. Welti ikitendewa hivyo inabeba soli tatu, hata nne, ndipo nayo ibadilishwe. Na asisubiri shimo. Akibonyeza katikati ya soli kwa kidole gumba akaona inabonyea, muda umefika. Soli ikitoboka, maji yanafika kwenye kizibo, kisha kwenye kile kiukuta cha turubai, na hapo ndipo palipo udhaifu wa ujenzi huu, kwa sababu kiukuta hicho kimebandikwa kwa gundi. Kikiachia, kazi inakuwa kubwa kuliko uwezo wa mwavuli. Kisigino ndicho kitakachoisha kwanza, pengine mara mbili kabla ya soli. Nunua huko huko vipande vya mpira vya kisigino na jozi moja ya soli za ziada zilizokatwa kwa saizi hiyo, utie kwenye sanduku. Uzito wake si mkubwa, na fundi atakushukuru.

Kile kilichoua viatu kwa miezi minane, nilichokutajia mwanzo, ni moto. Njombe ni baridi, viatu vimelowa, mtu anavisogeza karibu na jiko la mkaa au kuni vikauke hadi asubuhi. Ngozi iliyolowa ikipata joto la ghafla inajikunyata, inakakamaa, halafu inapasuka pale pale vidole vinapojikunja. Ufa huo haushoneki. Vikilowa, avijaze magazeti, ayabadilishe yakishalowa, avilaze ubavu mahali penye hewa, hata ikichukua siku mbili. Ndiyo maana naye anahitaji jozi ya kubadilisha: jasho la mguu nalo ni maji, na kiatu kinataka siku moja ya kupumua. Tope alifute kwa brashi na kitambaa chenye maji kidogo. Dawa ya viatu yenye nta kila baada ya wiki chache inatosha, na asipake mafuta ya kupikia. Wengi wanafanya hivyo, ngozi inalegea, inanuka, na panya wanaifuata.

Tukija kwenye kununua, bei ya dukani usiilipe. Viwanda kadhaa vya hapo vina maduka yao yanayouza viatu vyenye kasoro ndogo kwa bei iliyopungua: rangi imetofautiana kidogo, au kuna mkwaruzo, au mshono mmoja umeenda upande. Baba yako ataongeza mikwaruzo yake siku ya kwanza, kwa hiyo hiyo ni pesa uliyookota. Kasoro usiyoikubali ni ngozi iliyopondeka mahali pa kujikunja, au kiatu kinachoyumba ukikiweka mezani. Ukishawishika na viatu vya bei ndogo vinavyofanana na hivi mahali pengine, kigeuze. Uzi unaouona juu ya ukingo lazima utokee na chini ya soli, pengine ndani ya mfereji uliochimbwa kwenye mpira. Ukiona uzi juu na chini hakuna chochote, wala dalili ya mfereji uliofunikwa, huo ni urembo uliobandikwa. Ukitia mkono ndani ukakuta mishono inapita kwenye soli ya ndani, huo ni ujenzi mwingine. Kwa mji haujambo, ila kwa matope utaleta maji.

Kinachonitisha zaidi ni saizi. Viatu hivi havinyooki kama raba. Mguu wa mtu aliyetembea peku utotoni huwa mpana mbele, vidole vimeachana, na kalibu nyingi za Kiingereza zina kiuno chembamba. Mzee anayevaa namba 42 ya sokoni ni karibu na 8 ya Kiingereza, lakini namba hiyo ni urefu tu. Waulize upana, wanautaja kwa herufi: F ndiyo ya kawaida kwenye viwanda vingi, G ni pana zaidi. Nadhani utaishia kwenye G. Kikibana pembeni siku ya kwanza, usidanganywe kwamba kitafunguka. Ngozi nene hivyo inafunguka kidogo sana, na baba ataviweka kabatini kwa heshima yako huku akirudi kwenye viatu vyake vya plastiki.

Kwa hiyo wiki hii, kabla hujakwenda dukani, mpigie ndugu aliye nyumbani. Baba asimame juu ya karatasi jioni, baada ya kazi, mguu ukiwa umejaa, amevaa soksi nzito atakazovaa nazo. Penseli isimame wima kuzunguka miguu yote miwili, si mmoja, maana haiko sawa. Kisha wazungushe uzi mahali palipo pana zaidi, nyuma ya kidole gumba, waupime kwa rula na kuandika sentimita pembeni. Wakutumie picha, ila vipimo viandikwe kwa tarakimu, kwa sababu picha inadanganya ukubwa. Muuzaji mpe vipimo vya mguu ulio mkubwa. Nami nitumie nakala, nikukadirie upana kabla hujalipa.